Shahidi na Mfiadini: Kauli ya Perpetua na Visa Vilivyoifunika

Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili ya kumtaja mtu aliyeuawa kwa ajili ya dini yake. La kwanza ni shahidi, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo Waislamu na Wakristo hulitumia sawasawa. Husein bin Ali, aliyeuawa Karbala mwaka 680, ni shahidi. Na Wakristo waliouawa Buganda baina ya mwaka 1885 na 1887 wanajulikana kwa jina la Mashahidi wa Uganda. La pili ni mfiadini, neno lililoundwa kwa kuunganisha kitenzi fia na jina dini, nalo limeenea hasa katika maandishi ya Wakristo. Aghalabu maneno haya huchukuliwa kuwa visawe, lakini mtu akiyapima ataona kwamba hayalingani. Mfiadini ni mtu aliyekufa, na kifo chake ndicho kinachompa jina. Shahidi ni mtu aliyeona jambo akalisema. Ndilo neno lile lile tunalomwita anayesimama mbele ya kadhi au hakimu. Neno la Kiyunani martys lilipitia njia hiyo hiyo, kwani maana yake ya kwanza ilikuwa ni shahidi wa mahakamani, kabla halijatumiwa kwa mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani.

Makala haya yanakusudia kuitumia tofauti hiyo kama chombo cha uhakiki. Tutachunguza habari ya Vibia Perpetua na mwenzake Felicitas, waliouawa Carthage, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, tarehe 7 Machi mwaka 203. Hoja yetu ni kwamba Perpetua aliacha ushahidi wake mwenyewe, na kwamba karne zilizofuata, katika kumheshimu kwao, zilielekea kuuacha ushahidi huo na kushika kifo chake peke yake. Kwa maneno mengine, shahidi aligeuzwa kuwa mfiadini. Felicitas, aliyekuwa mjakazi, hakupata hata ukurasa mmoja wa kusema mwenyewe; na jambo hilo pia lina lake la kutufundisha kuhusu namna fasihi ya watakatifu inavyotungwa.

Matini na mikono iliyoyaandika

Matini tunayoyajadili ni mafupi, yenye sura 21 tu, lakini yameandikwa na zaidi ya mtu mmoja. Sura mbili za mwanzo ni za mhariri ambaye hakujitaja jina. Yeye ndiye anayetuambia kwamba walikamatwa vijana wakatekumeni: Revocatus na Felicitas, mtumwa mwenziwe, Saturninus na Secundulus, na pamoja nao Perpetua, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili hivi, mzaliwa wa ukoo wa heshima, aliyesoma, aliyeolewa, na mwenye mtoto mchanga wa kiume aliyekuwa akinyonya. Sura ya 3 hadi ya 10 ni maneno ambayo, kwa kauli ya mhariri, Perpetua aliyaandika kwa mkono wake akiwa kifungoni. Sura ya 11 hadi ya 13 ni maono ya Saturus, mwalimu wao, aliyejitoa mwenyewe baada ya wenzake kukamatwa. Kisha mhariri anarudi na kusimulia siku ya mwisho katika uwanja wa michezo, ilipoadhimishwa siku ya kuzaliwa kwa Geta, mwana wa Kaisari Septimius Severus.

Matini ya Kilatini yalijulikana tena baada ya Lucas Holstenius kuyakuta katika maktaba ya Monte Cassino, nayo yalipigwa chapa mwaka 1663. Mwaka 1889 J. Rendel Harris aliona Jerusalem nakala ya Kiyunani, na kwa muda ikabishaniwa ni lugha ipi iliyotangulia. J. Armitage Robinson, katika chapa yake ya mwaka 1891, alitetea Kilatini, na wengi wamekubaliana naye. Mwaka 1928 W. H. Shewring alipima mwendo wa miisho ya sentensi akaonyesha kwamba sehemu za Perpetua, za Saturus na za mhariri zina mapigo yasiyofanana. Uchunguzi huo hauwezi kuwa ithibati kamili kwamba mkono ulioandika sura zile nane ulikuwa wa Perpetua, wala wako wasiokosekana wa kulitilia shaka jambo hilo hata leo. Hata hivyo unampa mhakiki msingi wa kusema kwamba hapa pana sauti tatu, wala si sauti moja iliyojigeuza.

Kwa wanafunzi wa lugha kuna jambo jingine la kuangaliwa. Katika maono ya Saturus, Perpetua anazungumza Kiyunani na askofu Optatus na kasisi Aspasius, ambao walikuwa wamefarakana. Saturus analitaja jambo hilo kana kwamba linastahili kutajwa. Carthage ya wakati ule ilikuwa na Kilatini, Kiyunani na lugha ya wenyeji wa kale, Kipuniki. Hapana budi msomaji wa Afrika Mashariki aitambue hali hiyo upesi: mtu anaandika mambo ya moyoni katika lugha moja, na anapokwenda kwa wakubwa anabadili lugha.

Fani ya kauli ya Perpetua

Sifa ya kwanza ya nathari ya Perpetua ni wepesi wa muundo. Sentensi zake ni fupi, zimeunganishwa kwa kiunganishi kimoja kinachorudiwa rudiwa, na tendo linafuata tendo kwa utaratibu wa kutokea kwake. Mhariri, kinyume chake, hupenda sentensi ndefu zenye vishazi ndani ya vishazi, na utangulizi wake ni hotuba ya mtu aliyefunzwa balagha.

Sifa ya pili ni kwamba ushahidi wake ni ushahidi wa mwili. Anaeleza giza la gereza ambalo hajapata kuliona maishani mwake, joto la msongamano wa watu, na ujeuri wa askari. Anataja kwamba mashemasi Tertius na Pomponius waliwapa walinzi fedha ili wafungwa wahamishiwe mahali penye nafuu kwa saa chache. Anaeleza jinsi alivyomnyonyesha mwanawe aliyekuwa amedhoofika kwa njaa. Na baada ya kupewa ruhusa ya kukaa naye, gereza likawa kwake kama jumba ambalo asingependa kuliacha. Baada ya hukumu baba yake alikataa kumrudisha mtoto. Hapo Perpetua anaandika kwamba mtoto hakutaka ziwa tena, na kwamba matiti yake hayakumletea maumivu. Hii si lugha ya utenzi wa ushujaa. Ni habari ambazo mama anaziandika kwa sababu ndizo zilizomshughulisha.

Sifa ya tatu ni namna anavyomchora baba yake. Katika mabishano yao ya kwanza Perpetua anamwonyesha chombo kilichokuwa hapo, gudulia au mfano wake, na kumwuliza kama chaweza kuitwa kwa jina lisilokuwa lake. Naye vivyo hivyo hawezi kujiita kitu kingine ila Mkristo. Hoja hiyo ni ya lugha: jina na kitu havitengani. Lakini baba anajibu hoja ya majina kwa majina. Anaporudi mara ya pili anambusu mikono, anajitupa miguuni pake, na kulia, akimwita kwa neno la Kilatini domina, ambalo humstahiki bibi mwenye nyumba, badala ya kumwita mwanangu. Utaratibu wote wa heshima katika ukoo umepinduliwa kwa neno moja, na Perpetua amelisikia vizuri, maana yeye mwenyewe ndiye anayeliandika. Mbele ya Hilarianus, aliyekaimu cheo cha liwali, mzee huyo anapigwa fimbo kwa amri ya mahakama, na binti anakiri kwamba aliumia kana kwamba amepigwa yeye. Baba huyu si adui wa hadithi. Ni mzee anayempenda bintiye kuliko wanawe wa kiume, na anayeshindwa.

Ndoto zake nne zina undani huo huo wa vitu vinavyoonekana na kugusika. Kuna ngazi ya shaba iliyozungukwa na panga, mikuki na kulabu, na joka limelala chini yake; juu kuna mzee mwenye mavazi ya mchungaji anayekama kondoo na kumpa tonge la jibini, naye anaamka bado anatafuna kitu kitamu. Kuna nduguye Dinocrates, aliyekufa na umri wa miaka saba kwa ugonjwa wa uso, anayejinyosha kufikia birika ambalo ukingo wake ni mrefu kuliko kimo chake. Na baada ya maombi ya dada yake, katika ndoto inayofuata, ukingo umeshuka na mtoto anakunywa, kisha anakwenda kucheza. Mwisho kuna mieleka na Mmisri, ambamo Perpetua anageuka kuwa mwanamume na kushinda.

Baada ya ndoto hiyo anafunga maandishi yake. Yatakayotokea katika mashindano yenyewe, anasema, ye yote atakaye na ayaandike. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kitovu cha matini yote. Shahidi anajua mipaka ya ushahidi wake: ameandika alichokiona, na kifo chake hawezi kukiona. Kalamu anaiacha wazi. Historia nzima ya sifa zake ni historia ya walioichukua kalamu hiyo.

Felicitas: ushahidi uliosemwa na mwingine

Jambo ambalo wasomaji wengi hawalitambui mara moja ni kwamba Perpetua, katika sura zote nane, hamtaji Felicitas hata mara moja. Wala Saturus hamtaji. Yote tunayoyajua kumhusu mjakazi huyu yametoka kwa mhariri. Hana jina la baba, hana umri, hana ndoto. Wako waliomdhania kuwa mke wa Revocatus, lakini matini yanasema tu kwamba walikuwa watumwa pamoja.

Mhariri anaeleza kwamba Felicitas alikuwa na mimba ya miezi minane, na kwa kuwa sheria ilikataza kumwua mwenye mimba, aliogopa kwamba angebaki nyuma na kuuawa baadaye pamoja na wahalifu. Wenzake walisali, uchungu ukamshika, naye akajifungua mtoto wa kike. Mlinzi mmoja alimdhihaki: ikiwa analia sasa, atafanyaje mbele ya wanyama? Jibu lake ni kwamba maumivu ya sasa ni yake yeye mwenyewe, bali siku ile mwingine atakuwa ndani yake na kuteswa kwa niaba yake. Mtoto alilelewa na dada mmoja kama bintiye. Neno dada, katika Kilatini cha Wakristo kama katika Kiswahili chetu, laweza kuwa la damu au la imani, na matini hayatupi njia ya kuamua.

Jibu hilo kwa mlinzi ndilo kauli pekee ya Felicitas iliyohifadhiwa. Uzito wake unatokana na mahali liliposemwa: mjakazi, ambaye mwili wake kisheria ulikuwa mali ya mtu mwingine, anasema kwamba uchungu huu ni wangu. Uwanjani, baada ya ng'ombe mkali kuwaangusha wote wawili, Perpetua anamwona mwenziwe ameanguka, anampa mkono na kumwinua, nao wanasimama pamoja. Ni hapo peke yake, katika matini yote, ambapo bibi na mjakazi wanagusana. Tukio hilo ameliandika mhariri, na tunapaswa kumshukuru. Lakini tusisahau kwamba wa kwanza aliandika na wa pili aliandikiwa.

Walioichukua kalamu

Tertullian, aliyeishi mji ule ule na wakati ule ule, anamtaja Perpetua katika kitabu chake juu ya roho, na kumpa ono la peponi ambalo maelezo yake yanaelekea kulingana zaidi na ono la Saturus. Basi hata miaka michache tu baada ya kifo chake, jina la Perpetua lilikuwa limeanza kuvuta kwake maneno ya wengine.

Mabadiliko makubwa zaidi yamo katika masimulizi mafupi yaliyotungwa baadaye, ambayo wataalamu huyaita Acta. Hapo kesi imehamishiwa wakati wa Valerian na Gallienus, nusu karne baadaye. Mume wa Perpetua, ambaye shajara yake haimtaji kabisa, anajitokeza pamoja na wazazi na mtoto. Felicitas anahojiwa kuhusu mumewe. Ndoto zimepunguzwa. La kushtua zaidi ni kwamba Perpetua anamtupilia mbali mtoto wake na kuwasukuma jamaa zake kwa maneno ya laana yaliyochukuliwa katika Injili. Katika matini ya asili Perpetua alikufa kwa upanga: kijana asiyezoea kazi alikosea pigo la kwanza, naye Perpetua akauongoza mkono wake mpaka kooni. Katika Acta analiwa na simba.

Tukizipanga tofauti hizi pamoja, mwelekeo wake unadhihirika. Kila kilichoondolewa ni kitu ambacho ni shahidi tu angeweza kukisema: maziwa, hofu ya giza, huruma kwa baba, mkono uliotetemeka wa muuaji. Kila kilichoongezwa ni kitu kinachotarajiwa kwa mfiadini wa aina yake: majibu ya ukali mahakamani, kuikana familia, na simba. Mtunzi wa Acta hakukusudia kumshusha Perpetua; alikusudia kumtukuza. Lakini alimtukuza kwa kumfanya afanane na wengine.

Augustino, askofu wa Hippo, aliwahubiri mashahidi hawa katika sikukuu yao, na hotuba zake kadhaa zimehifadhiwa. Anayachezea majina yao mawili, ambayo yakiunganishwa hutoa maana ya furaha ya milele, na kusisitiza kwamba udhaifu wa kike ulishinda kwa ujasiri. Mchezo huo wa maneno ni mzuri, lakini una gharama: watu wawili wa hali mbili zilizotengana kabisa wamekuwa msemo mmoja. Augustino huyo huyo, alipobishana kuhusu hatima ya watoto wasiobatizwa, alikutana na ndoto ya Dinocrates iliyotajwa na mpinzani wake. Alijibu kwamba maandishi hayo si sehemu ya Maandiko Matakatifu, na katika kumtaja mwandishi akadokeza kuwa ni Perpetua au ye yote aliyeyaandika. Mtakatifu alistahili sikukuu. Shahidi alipotoa ushahidi uliotatiza mafundisho, uandishi wake ukatiliwa shaka.

Ibada iliyofunika, ibada iliyohifadhi

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kuishitaki ibada bila kuitetea. Majina ya wanawake hawa yamo katika kalenda ya Roma ya mwaka 354, chini ya tarehe 7 Machi, pamoja na neno linaloonyesha kwamba wao ni wa Afrika. Yamo katika sala kuu ya Misa ya Kirumi. Hotuba za Augustino zinaonyesha kwamba habari yao ilisomwa kanisani mbele ya watu siku ya sikukuu; na matini yanayosomwa hunakiliwa, na yanayonakiliwa huokoka. Pasipo waumini wa Carthage, huenda tusingekuwa na sura zile nane.

Hali hiyo ya kuhifadhi na kufunika kwa pamoja inaonekana pia katika sanaa. Katika kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, Ravenna, michoro ya vijiwe ya karne ya 6 inawaonyesha Perpetua na Felicitas katika maandamano ya wanawali watakatifu, wenye mavazi yanayofanana na mataji mikononi. Wanawake wawili, mmoja aliyetoka kunyonyesha na mwingine aliyetoka kujifungua, wamewekwa katika safu ya mabikira. Majina yao yamehifadhiwa. Umama wao umefutwa.

Kwa Afrika Mashariki kiungo ni cha kweli. Mwaka 1907 Padre Alfred-Louis Delattre alifukua mahali paitwapo Mcidfa, Carthage, vipande vya maandishi ya jiwe vyenye majina ya kundi hili la mashahidi. Delattre alikuwa wa shirika la Wamisionari wa Afrika, lililoanzishwa na Lavigerie mwaka 1868, ambalo mapadre wake walifika Buganda mwaka 1879. Mwaka 1964, Papa Paulo wa Sita alipowatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, aliwataja pamoja na Felicitas na Perpetua. Leo wasichana wengi wa Kenya na Tanzania hubatizwa kwa majina ya Perpetua na Felista. Majina yamefika. Swali ni kama ushahidi nao umefika.

Wajibu wa mfasiri

Swali hilo ni la lugha, na kwa hiyo ni letu. Atakayeifasiri kauli ya Perpetua kwa Kiswahili atakutana na mitihani minne. Wa kwanza ni wa muundo. Sentensi zake za tendo kwa tendo zina makao tayari katika kiambishi chetu cha masimulizi, -ka-. Mfasiri amwachie Perpetua kiambishi hicho, na vishazi tegemezi vyenye -po- na amba- ampe mhariri. Hapo msomaji atazisikia sauti mbili bila kuambiwa.

Wa pili ni wa majina ya heshima. Baba anapoacha kusema mwanangu, Kiswahili kina neno bibi, ambalo bado lina uzito wa bibi mwenye nyumba na watumwa. Mfasiri asilikwepe kwa kuogopa kwamba bibi siku hizi ni nyanya, kwa kuwa muktadha utalilinda.

Wa tatu ni wa jinsia. Katika ndoto ya mieleka Perpetua anakuwa mwanamume, lakini msimamizi wa mashindano anaendelea kumtaja kwa viwakilishi vya kike, na mwisho anamwita binti. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika a-, m- na yeye. Kitendawili chote kitapotea, isipokuwa mfasiri akishikilia neno binti na kukataa mwanangu, ambalo hapa litaficha kila kitu.

Wa nne ni wa kitu kidogo: lile tonge la jibini. Kuna kishawishi cha kuandika maziwa ya mgando, au hata mkate, ili ndoto ilingane na ibada inayojulikana. Lakini Perpetua aliandika jibini. Mfasiri atakayelibadili atakuwa amefanya, kwa kiasi kidogo, kazi ile ile ya mtunzi wa Acta.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sifa na kauli ni vitu viwili, na kwamba sifa inaweza kukua huku kauli ikififia. Perpetua alikuwa shahidi kabla ya kuwa mfiadini, na ushahidi wake ulikamilika usiku wa kuamkia michezo. Felicitas alikuwa shahidi wa kauli moja, iliyosemwa katika uchungu na kuandikwa na mtu mwingine. Mhakiki wa Kiswahili ana bahati ya kuwa na neno linalobeba pande zote mbili. Inafaa alitumie neno hilo kwa maana yake kamili, na kila asomapo habari za watakatifu, za dini yo yote iwayo, aulize swali la mahakamani: ni nani anayesema hapa, na aliona nini?